Je, Wajua? Vitufe vya Kadi za Kujifunzia

Je, wajua kwamba utaratibu wa kadi ulioigwa na programu nyingi za leo ulianza bila kitufe hata kimoja? Mwaka 1972 Sebastian Leitner, mwandishi wa habari za sayansi wa Ujerumani, alieleza kitabuni namna ya kutumia kisanduku chenye vyumba. Kadi uliyoijibu sawasawa inasogea chumba kimoja mbele, ambako itakaa muda mrefu zaidi kabla ya kuulizwa tena. Uliyoikosa inarudi chumba cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika cha mwisho. Hukumu zilikuwa mbili tu, na mkono ndio uliozitekeleza.

Wajua kwamba kompyuta ilipoingia, hukumu zikafika sita? Piotr Woźniak wa Poland alianza kupanga marudio yake kwa karatasi mwaka 1985. Mwaka 1987 akahamia kwenye kompyuta kwa programu aliyoiita SuperMemo, na humo akamtaka mwanafunzi ajipe alama kuanzia 0 hadi 5. Sufuri ni giza totoro kichwani; 5 ni jibu lililotoka bila kusita. Sasa tazama kituko. Katika kanuni ile ya 1987, ijulikanayo kama SM-2, alama za 0, 1 na 2 zina matokeo yaleyale kwenye ratiba: kadi inaanza upya, na kigezo chake cha urahisi hakiguswi. Yaani aliyekosa anatakiwa aamue amekosa kwa kiasi gani, kasahau kabisa, kasahau nusu, au alipoliona jibu akajipiga paji la uso akisema "aa, si nilikuwa nalijua!", na uamuzi wote huo hauisogezi kadi hata siku moja. Hilo ni swali la bure. Likiulizwa mara mia kwa siku, linachosha kuliko somo lenyewe.

Anki, programu ya kadi iliyotolewa na Damien Elmes mwaka 2006, iliichukua SM-2 kama msingi lakini makosa yote ikayatia kwenye kitufe kimoja. Vikabaki vinne, ambavyo kwa lugha yetu tungeviita Rudia, Ngumu, Vizuri na Rahisi. Ni maendeleo makubwa. Ila visome tena polepole. Cha kwanza kinatoa amri. Cha pili na cha nne vinaieleza kadi. Cha tatu kinampa mwanafunzi alama. Safu moja ya vitufe, na kila kimoja kinajibu swali lake! Mtu aliyesahau jibu la kadi ngumu akibonyeza Ngumu, utamlaumu kwa lipi? Kadi ni ngumu kweli. Kasema ukweli mtupu. Tatizo ni kwamba kwa programu Ngumu maana yake ni "nimekumbuka, ila kwa taabu". Hilo halijaandikwa popote kwenye kitufe.

Je, wajua gharama ya kutoelewana huko? Chukua kadi iliyosubiri siku 10, ikiwa na kigezo cha kuanzia cha 2.5. Kwa mipangilio ya kawaida ya kanuni ya zamani ya Anki, Vizuri inaizidisha 10 kwa 2.5, kadi inarudi baada ya siku 25. Rahisi inaongeza tena mara 1.3, inakuwa kama siku 32. Ngumu inazidisha kwa 1.2, siku 12. Rudia inaileta tena baada ya dakika 10. Kwa hiyo mwenye kusahau akigusa Ngumu, neno lililomtoka ndani ya siku 10 anapewa siku 12 zingine za kulisahau vizuri zaidi.

Na kitufe hichohicho kinaacha alama. Kila Ngumu inapunguza kigezo cha kadi kwa pointi 15 za asilimia, kila Rudia kwa 20, na sakafu ni asilimia 130. Kutoka 250 ya kuanzia, Ngumu nane zinatosha kuifikisha kadi sakafuni. Vizuri haipandishi chochote. Ni Rahisi peke yake inayoongeza pointi 15. Mtu mnyenyekevu, asiyependa kujisifu kwamba jambo ni rahisi, atakuta kadi zake zimerundikana huko chini zikimrudia mara nyingi kuliko inavyohitajika. Watumiaji wa zamani wa Anki wanapaita mahali hapo jehanamu, na si utani mtupu.

Kanuni mpya iitwayo FSRS, iliyoingizwa ndani ya Anki mwaka 2023, haina shida hiyo kwa namna ileile. Inasoma historia ya vitufe ulivyobonyeza, kisha inajirekebisha kukufuata. Uwe mkarimu wa alama au mchoyo, itakuzoea. Lakini mwongozo wa Anki unaonya waziwazi juu ya tabia moja isiyozoeleka: kubonyeza Ngumu pale uliposahau. Mashine inaweza kumjua mwanafunzi mkali na mwanafunzi laini, ila haina njia ya kugundua kusahau kulikoandikwa kama kukumbuka.

Ndiyo maana mimi ni wa chama cha vitufe viwili: Nimesahau na Nimekumbuka. Vyote viwili vinajibu swali moja, na ni swali ambalo mtu analijua jibu lake kabla kidole hakijashuka. Wapo watumiaji wa Anki wanaojiwekea programu-jalizi za kuficha vile vingine viwili. Najua hoja ya upande wa pili: vitufe vinne vinaipa kanuni taarifa zaidi. Kweli, iwapo taarifa hizo ni sahihi. Jioni, baada ya kadi ya mia na themanini, tofauti kati ya Vizuri na Rahisi inategemea zaidi kama umekula.

Wajua kwamba William Edmund Hick alionyesha mwaka 1952 kuwa kadiri machaguo yanavyoongezeka, ndivyo muda wa kuamua unavyorefuka, ila si kwa uwiano wa moja kwa moja? Ukienda kutoka mawili hadi manne, muda hauwi maradufu. Hick alitumia taa zinazowaka, na mtu alitakiwa tu abonyeze kitufe cha taa husika. Kujihukumu kumbukumbu ni kazi nyingine kabisa. Pale hakuna taa inayokuonyesha.

Hesabu ndogo. Tuseme kusita kunakula nusu sekunde tu kwa kila kadi. Anayepitia kadi 200 kwa siku anapoteza sekunde 100. Kwa mwaka ni sekunde 36,500. Zaidi ya saa 10, kwa kukodolea macho vitufe.

Je, wajua kwamba kitufe cha Onyesha Jibu, ambacho wasanifu wengi hukiona kama mlango tu wa kupitia, ndicho chenye kazi nzito kuliko vyote? Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja, kisha mara tatu likajaribu kuandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 wasomaji waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja meza ilipinduka: wasomaji 40, waliojijaribu 61. Sasa pale unapoiona kadi na hujagusa Onyesha Jibu, hicho ndicho kipindi cha kujijaribu. Programu inayoonyesha swali na jibu kwa pamoja, au inayofungua jibu kwa kidole kupita tu juu ya kadi, inamrudisha mwanafunzi kwenye lile kundi la kwanza huku akijiona amesoma sana.

Kwa sababu hiyo vitufe vya kujihukumu visionekane kabla ya jibu. Na Onyesha Jibu ikitoweka, kisikae kitufe cha hukumu papo hapo ilipokuwa bila ulinzi wowote. Kidole chenye haraka hugusa mara mbili, na mguso wa pili unatoa hukumu juu ya jibu ambalo jicho halijalifikia. Dawa ni nyepesi: programu ipuuze mguso wowote unaofuata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Lakini isichelewe kuonyesha kwamba imekusikia. Jakob Nielsen, katika kitabu chake cha 1993, aliweka mpaka wa sekunde 0.1: chini ya hapo mtu anahisi kitu kimetokea papo kwa papo. Kikizidi hapo, kidole kinaanza kurudia.

Wajua kwamba ukubwa wa kitufe una kanuni yake? Paul Fitts, mwanasaikolojia wa Marekani, aliiandika mwaka 1954: muda wa kukifikia kitu unategemea umbali wake na upana wake. Kikubwa na cha karibu, haraka. Kidogo na cha mbali, polepole. Sambamba na hilo, Apple inapendekeza eneo la kugusa lisipungue pointi 44 kwa 44, Google vipimo 48 kwa 48 vya Android, na mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG 2.2 wa Oktoba 2023, unaweka kiwango cha chini cha pikseli 24 kwa 24. Eneo la kugusa, kumbuka, si mchoro. Mchoro unaweza kuwa mdogo ukazungukwa na nafasi inayoitika. Vitufe vinne vikibanwa kwenye skrini nyembamba ya simu ya bei nafuu, kila kimoja kinapata robo ya upana, na hapo ndipo kidole gumba kinapolenga Vizuri kikaangukia Ngumu.

Na gumba lenyewe ni la upande gani? Mwaka 2013 Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu zao hadharani. Kati ya waliokuwa wakigusa skrini, asilimia 49 walizishika kwa mkono mmoja, na kati ya hao theluthi mbili walitumia gumba la kulia. Sasa rudi kwenye ile safu ya vitufe. Rahisi iko kulia, karibu na gumba. Rudia iko kushoto kabisa, inahitaji gumba linyooke. Bila mtu yeyote kukusudia, mpangilio huo unafanya kujisifu kuwe kwepesi na kukiri kosa kuwe na mazoezi ya viungo. Anayetengeneza programu mpya afikirie vitufe viwili vipana, kila kimoja nusu ya skrini. Aliyeshika simu kwa mkono wowote atavifikia.

Je, wajua kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakakunja magurudumu ndege ikiwa bado ardhini? Walidhaniwa wazembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipoingia ndani ya chumba cha rubani alikuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kutulia zimekaa jirani na zinafanana. Akapendekeza kigurudumu kidogo cha mpira kwenye moja na umbo la kabari kwenye nyingine, mkono utambue bila jicho. Funzo hilo linahama moja kwa moja hadi kwenye kadi: vitufe vyenye matokeo yaliyo kinyume visiwe mapacha. Rudia na Rahisi, kwa maandishi madogo na rangi moja ya kijivu, hata herufi ya kwanza ni ileile.

Mbunifu atasema basi tupake nyekundu na kijani. Sawa, ila miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 hazitofautishi rangi hizo ipasavyo. Kwa wanawake ni kama 1 kati ya 200. Rangi iwepo, na neno liwepo, na mahali pasibadilike. Mwandiko nao uonekane: WCAG inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue 4.5 kwa 1. Kijivu juu ya kijivu hupendeza kwenye maonyesho ya wabunifu. Kwenye daladala saa saba mchana hakisomeki.

Wajua kisa cha kitufe kilichomtukana mtumiaji? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Apple ilikuwa ikiwajaribishia watu kompyuta yake ya Lisa. Kitufe cha kukubali kiliandikwa maneno mawili ya Kiingereza, Do It, kwa mwandiko ambao I kubwa ilifanana sana na l ndogo. Mtu mmoja akawa anakwama na kukereka kila kikitokea. Kumbe alikuwa akiyasoma pamoja, Dolt, yaani bwege, akijiuliza kwa nini kompyuta inamwita hivyo. Wakabadilisha kuwa OK. Hakuna mhandisi aliyeliona hilo, kwa sababu wote walijua tayari kilichoandikwa.

Tukihamia kwenye kibodi: katika Anki unaweza kusoma saa nzima kwa kitufe kirefu cha nafasi. Mara ya kwanza kinaonyesha jibu, mara ya pili kinasema Vizuri. Namba 1 hadi 4 ni za zile hukumu nne. Hapo zamani palikuwa na mtego. Kadi mpya ilionyesha vitufe vitatu na kadi ya marudio vinne, hivyo namba 2 ilikuwa Vizuri kwenye kadi mpya na Ngumu kwenye kadi ya zamani. Anayetuma pesa kwa *150*00# anaufahamu mtego huo: 1 ya menyu ya kwanza si 1 ya menyu inayofuata, na aliyezoea kubonyeza bila kusoma siku moja hujikuta asipotaka kwenda. Anki baadaye ilisawazisha, vitufe vinne kwa kadi zote, ili namba moja iwe na maana moja.

Namba zenyewe nazo hazikupangwa kwa kubahatisha: Maabara ya Bell huko Marekani ilijaribu mipangilio mingi ya vitufe kabla simu ya kubonyeza haijaingia sokoni Novemba 1963. Ndiyo sababu simu ina 1 juu kushoto. Kikokotoo kina 7 hapo.

Je, wajua kwamba maandishi madogo juu ya kitufe yanaweza kukugeuza mawazo? Anki huandika muda wa kusubiri juu ya kila kitufe: dakika 10 hapa, siku 25 pale. Ni jambo jema kwa kuwa unaona matokeo kabla ya kutenda. Lakini wengine huacha kujiuliza kama wamekumbuka, wakaanza kununua siku: "Mtihani uko baada ya wiki mbili, basi nibonyeze ile ya siku 12." Programu inaruhusu kuuficha muda huo. Ningeuficha kwa anayeanza, nimwonyeshe baada ya kuzoea.

Hapo pana shimo jingine kwa anayefasiri programu kwenda Kiswahili, nalo halionekani mpaka uingie. Kiingereza hufupisha muda kwa herufi moja au mbili ili uingie kwenye kitufe. Sisi tukijaribu, sekunde, saa na siku zote ni s. Dakika ni d, ambayo kwa mtu aliyezoea programu za Kiingereza inasomeka kama siku. Mwezi na mwaka zote ni mw. Kitufe kilichoandikwa "4s" kinaweza kukurudishia kadi kabla hujapumua au baada ya siku nne. Andika neno zima. "Siku 4" ina herufi nne na tarakimu moja tu, na nafasi ipo. Na programu isiunganishe namba na neno kwa kufuata mpangilio wa Kiingereza, la sivyo itaandika "4 siku" kwenye kila kadi, na msomaji atajua mara moja kwamba aliyeitengeneza hakumwuliza mtu. Mfasiri apewe sentensi nzima yenye nafasi ya namba, aiweke mwenyewe inapostahili.

Wajua ni kitufe gani kinachosahaulika kuliko vyote? Tendua. Kwenye kompyuta Anki inacho, kwa Ctrl na Z, nacho kinarudisha hukumu ya mwisho kana kwamba haikutolewa. Baadhi ya wasanifu huona heri kuweka dirisha la "Una uhakika?" Kwa kazi inayofanyika mara 200 kwa siku hilo ni adhabu, na baada ya siku mbili kidole kinajibu Ndiyo bila kuuliza kichwa. Tendua haimsumbui asiyekosea. Iwe kubwa, ikae mahali pamoja, na isijifiche ndani ya menyu ya vidoti vitatu.

Mwisho, wajua kwamba baadhi ya watumiaji wa Anki hupitia kadi zao kwa rimoti ya michezo ya video, ile yenye vitufe vinne upande wa kulia? Hukumu nne, vitufe vinne, na hakuna haja ya kukaa mezani. Kila kitufe kiko mahali pake, gumba linakijua kwa kugusa, na macho yanabaki kwenye kadi. Mzazi akichungulia chumbani na kumkuta mtoto ameshika rimoti siku tatu kabla ya mtihani, aangalie kwanza skrini.